Neno Nililomnyang'anya Dresa

Juzi kitukuu changu alianguka mferejini akachubuka goti, akarudi kutoka zahanati amepakwa aidini. Harufu ile ilipoingia jikoni niliweka mwiko chini. Wakaniuliza, Bibi, unaumwa? Nikawaambia waniache. Siumwi. Ile ni harufu ya Anaeli, na mimi na Anaeli tuna jambo ambalo halijaisha, ingawa yeye alizikwa zamani na mimi natembea kwa fimbo.

Nitalisema kama lilivyokuwa. Sikusoma sana, basi maneno yakikaa vibaya mtayanyoosha wenyewe.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Kwetu ni Umeru, juu mlimani, mahali ambapo asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya migomba na majani ya kahawa yanadondosha maji kama yamenyeshewa. Nyumbani tulikuwa baba, aliyekuwa mzee wa kanisa na mtu mkavu, mama, dada yangu Elinami, mimi kitindamimba, na Bibi, mama yake baba, aliyeshinda karibu na mafiga kutwa nzima kwa sababu ya kidonda cha mguu. Kidonda kile kilikuwa kipana kama kiganja changu, na kilinuka. Watoto wa jirani walikuwa hawaingii kwetu. Nami, nisiwadanganye, nilibana pua kila nilipompelekea Bibi loshoro, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maziwa ya mgando. Niliweka bakuli mbali kidogo, akajivuta mwenyewe kulifikia.

Anaeli hakubana pua. Alikuwa dresa, mfunga vidonda, katika zahanati ndogo ya kule chini barabarani. Kila Jumamosi alipanda kilima na chupa ya aidini na vitambaa safi, akapiga magoti kwenye majivu, akaushika mguu wa Bibi na kuuweka juu ya paja lake.

"Bibi, leo tutaumia kidogo."

"Tutaumia mimi na nani? Jipake wewe kwanza nikuone!"

Wakacheka wote wawili. Elinami alikuwa akishika beseni la maji ya moto. Beseni lenyewe halikuwa na haja ya kushikwa, lingekaa chini tu. Hata mimi mtoto niliona hivyo.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa tatu katika shule ya misheni. Siku moja walikuja wageni Wazungu, mwalimu akatupanga mstari kwa urefu, na mimi kwa ufupi wangu nikawa mkiani. Akawataja wenzangu mmoja mmoja. Aliponifikia mimi akaniwekea mkono kichwani akasema kwa Kizungu, "Last but not least." Wageni wakatabasamu. Baadaye nilimwuliza maana yake. Akaniambia, maana yake huyu ametajwa mwisho, lakini si kwamba thamani yake ni ndogo kuliko ya wenzake. Akaniambia pia kwamba watu wengi hulitia neno hilo popote ili waonekane wamesoma, lakini lina mahali pamoja tu, kwa yule wa mwisho.

Nilirudi nyumbani na neno lile kama mtoto aliyeshonewa gauni jipya. Mimi nilikuwa wa mwisho kuzaliwa, wa mwisho kupakuliwa chakula, wa mwisho kuoga, tena kwa maji waliyokwisha kuogea wengine. Sasa nilikuwa na kitu ambacho hakikuanza kuwa cha Elinami.

Baada ya mavuno ya kahawa, Anaeli na ndugu zake walikuja kumposa Elinami. Walileta chungu cha pombe ya ndizi. Baba hakuwa mnywaji, kwa ajili ya kanisa, lakini bila chungu asingewafungulia mlango. Wanaume wakakaa duara. Mama na wanawake wakakaa upande wa mlangoni. Bibi alikuwa pale pale mafigani, nyuma ya migongo ya watu, na hakuna aliyemgeuzia uso. Elinami alijificha nyuma ya kizuizi cha ng'ombe, nami nilimwona akisokota ncha ya khanga mpaka ikawa kamba.

Mambo yalikwenda vizuri. Yalikuwa karibu kwisha. Ndipo baba akamgeukia Anaeli.

"Nasikia Kizungu unakijua."

"Kidogo tu, mzee. Cha kusomea chupa za dawa."

"Tusikie."

"Mzee, mbele ya wakubwa zangu hawa..."

"Tusikie, nimesema. Binti yangu haendi kwa mtu wa kubahatisha."

Anaeli akasimama. Akawatazama wanaume, kisha akawapita kwa macho, akageukia mafigani alikokaa Bibi, akainama. Akasema, "Last but not least, my grandmother." Baada ya Bibi akamsalimu mama, baada ya mama akamsalimu baba, halafu wale wengine, wote kwa Kizungu. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Hakuna aliyeelewa hata neno moja, na baba alikuwa ameanza kutikisa kichwa kukubali.

"Ndeshi!" baba akaniita. "Njoo hapa. Wewe unasoma. Amesema sawasawa?"

Sikuwahi kuulizwa kitu mbele ya wanaume. Nilisimama katikati ya duara, na kifuani mwangu kulikuwa na moto, kwa sababu neno lile lilikuwa langu, na yule mtu alikuwa amelitwaa akampa mwanamke mwenye mguu unaonuka.

"Hapana, baba. Hilo husemwa kwa wa mwisho. Yeye ameanza nalo. Hajui hata maana yake."

Baba mdogo alipasuka kicheko. "Dresa amevaa kofia mguuni!" Nyumba nzima ikacheka. Anaeli naye akajaribu kucheka.

"Mtoto amesema kweli," akasema. "Nililisikia kwa daktari, nikalipenda."

Baba hakucheka. "Na chupa za dawa, unazisoma hivyo hivyo?"

"Hapana, mzee."

"Nani atajua?"

Chungu kiliondoka na wenyewe kikiwa kimejaa, na kwetu chungu kikirudi kimejaa hakuna wa kuuliza tena. Jioni ile baba alinipa kipande cha nyama cha wanaume. Nilikula. Kilikuwa kitamu.

Mwaka uliofuata Elinami aliolewa Nduruma, kule chini kwenye joto, na mwanamume aliyefiwa na mkewe, mwenye watoto watatu. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa mtu wa kucheka. Anaeli aliomba uhamisho, na Jumamosi hakupanda mtu kilima chetu tena. Kazi za Elinami zikaniangukia mimi: maji, majani ya ng'ombe, na mguu wa Bibi. Nilipomwuliza baba habari za shule, aliniambia nimesoma kutosha. Mwaka wa nne sikuumaliza.

Basi nikawa napiga magoti kwenye majivu mimi, na maji ya chumvi, kwa kuwa aidini hatukuwa nayo. Siku moja Bibi akaniuliza, "Yule kijana siku ile alinigeukia akasema nini?"

"Alisema umetajwa mwisho, lakini thamani yako si ndogo."

"Alianza na mimi?"

"Alianza na wewe, Bibi. Alikosea."

"Alianza na mimi," akasema tena, lakini safari hii hakuwa ananiuliza. Akanyoosha mguu nimwoshe.

Nilikuwa mama wa watoto wanne ndipo nikaelewa. Mahali pa neno lile mwalimu alinifundisha vizuri, na hata leo nikilisikia limewekwa vibaya nalijua. Lakini nyumba ile ilijaa watu, na Bibi ndiye ambaye angetajwa mwisho, au asitajwe kabisa. Mimi nilikuwa na mahali pa neno. Anaeli alikuwa na maana yake, na maana hiyo ndiyo niliyosema hana.

Elinami alipokuwa mgonjwa nilishuka Nduruma kumwomba msamaha. Alikuwa amelala kwenye kivuli cha nyumba, amekonda. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Uliulizwa, ukajibu," akaniambia. "Ulikuwa mtoto, mdogo wangu. Nami kwa hilo sikukuwekea kitu moyoni." Akafukuza nzi. "Ila jambo moja. Baba alikuuliza kama amesema sawasawa. Ungesema hapana, ukakaa. Kwa nini uliongeza kwamba hajui maana yake?"

Nilimpa maji, akanywa, tukaongea habari za mvua.

Hilo la pili, kwamba hajui maana yake, siku ile sikuulizwa na mtu.