Mhina wa Daraja la Maboya

Mhina alikuwa Mzigua wa Handeni, na Mzigua akikosa mtu wa kumtania hupata homa. Mkibisha, mwulizeni shangazi yenu. Bahati yake, jeshi lilimpa dawa: Fabiani, Mnyamwezi aliyezaliwa kwenye kambi ya mkonge pale Magoma. Mtani halali kabisa, maana makabila hayo mawili hutaniana tangu jadi na kuitana watumwa. Vita vya Kagera viliwakuta wote wawili katika kikosi cha madaraja, Mhina akifunga maboya kwa kamba za chuma na kutandika mbao juu yake, Fabiani akiendesha lori la mizigo.

Mhina alikuwa na ufundi mmoja ambao hata mimi, bingwa wa utani nisiye na mpinzani, nauonea wivu: alidanganya bila kucheka. "Mtumwa wangu, afande anakuita," atasema, uso mkavu kama gogo. Fabiani anakimbia, anamkuta afande anakoroma. Kikosi kizima mbavu hawana.

Asubuhi moja mto ulifurika, na wenzao waliokwisha kuvuka walikuwa wakisubiri kuletewa shehena ya risasi. Mhina akaona boya la katikati linakunywa maji. Akalikimbilia lori la Fabiani lililokuwa linakaribia daraja, akashika dirisha.

"Usipite. Boya limetoboka."

"Jana uliniambia mama yangu kaolewa na Mzigua," Fabiani akamjibu. "Toka hapo, mtumwa, watu wananisubiri."

"Fabiani, wallahi."

"Na jana uliapa hivyo hivyo."

Akatia gia. Daraja likainama katikati, lori likateleza kiubavu, maji yakalifunika. Mwili haukupatikana.

Vita vilipokwisha, Mhina alikwenda Magoma kuhani. Majirani walijaa uani. Walijua mtani wa marehemu amefika, na kwao msiba usiotaniwa ni mboga isiyo chumvi.

"Shikamoo, mama," alimwambia Bi Grasiana, mama yake Fabiani. "Nimekuja kulia tu."

"Marahaba. Waliaji ninao, mwanangu. Mtani ndiye nilikuwa sina. Mtanie mwenzako apumzike."

Mhina akainama, akamnong'oneza habari yote ya boya na ya uongo wake wa uso mkavu, ajue anamwomba nani. Bi Grasiana naye akamnong'oneza.

"Ulipomwambia, ulicheka?"

"Sikucheka, mama."

"Sasa angejuaje kuwa safari hii si utani?"

Mama akamshika mkono, akamwinua, akamsukuma taratibu mbele za watu. Kabla hajafungua kinywa, uani walikuwa wameshaanza kuucheka uso wake mkavu.