Chelimo na Kofia ya Mjerumani

Asubuhi ile ya mwisho mke wangu Chelimo alinigombeza kwa sababu ya sukari. Nilitia vijiko vitatu kwenye chai, akaona.

"Baba Kimutai, daktari alisema kimoja. Wewe ulisikia vitatu?"

Nikanywa hivyo hivyo. Akacheka kidogo, akafungua dirisha la upande wa cherehani. Alikuwa na sare za wanafunzi za kumaliza. Mimi nikabeba kikapu nikaenda kuchuna chai. Ilikuwa Jumanne, mwezi wa sita, mwaka wa tisini na nane. Baridi ya kawaida. Saa nne jirani alinikuta katikati ya mistari ya chai, akaniambia niache kikapu. Chelimo alikuwa ameanguka kando ya cherehani yake. Presha. Hakuamka.

Siku ya mazishi walisoma maisha yake kwa karatasi moja. Kuzaliwa, kubatizwa, kuolewa, watoto watano. Mambo ya kofia hawakusoma. Waliniambia hayo si mambo ya kusomwa mbele ya jeneza. Mimi sikukubali siku ile na sijakubali mpaka leo. Kwa hivyo nayaandika.

Chelimo alizaliwa hapa Chepseon, kabla ya vita vya Hitla. Baba yake alikuwa Mzee Kimeli, mama yake Chepngeno. Alijifunza kushona mjini Kericho, kwa duka la Mhindi. Alianza kwa kufagia vipande vya nguo chini ya meza, akaishia kuketi kwenye mashine. Nilipomuoa, niliuza ndama tukanunua cherehani ya mguu. Alishona kila kitu, lakini kazi iliyomjulisha ni kofia. Mashamba makubwa ya chai yalikuwa yanataka kofia za walinzi, za kitambaa kigumu, zenye ulimi wa mbele wa kukinga jua. Alishona hizo kofia miaka ishirini. Ukimpa kofia yoyote, aliigeuza ndani kwanza. Nje hakuangalia. Alikuwa anasema nje ni ya mwenye kuvaa, ndani ni ya fundi.

Sasa Mzee Kimeli. Huyu alichukuliwa na serikali ya Mwingereza kwenda vitani, Chelimo akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Alirudi vita vilipoisha, na kofia moja ya kitambaa cha rangi ya vumbi, ndani nyekundu. Alisema alikuwa Libya, jangwani, akichimba mitaro na kulinda wafungwa. Mfungwa mmoja wa Kijerumani alimpa ile kofia, yeye akampa sigara. Ni hayo tu. Hakuwa mtu wa hadithi. Makaratasi yake ya jeshi yaliliwa na mchwa, sanduku na yote.

Watu hawakumwamini. Walisema alifika Nanyuki tu, hapa hapa Kenya, akawapikia wazungu, na kofia aliokota sokoni. Wakamwita Mpishi. Alikufa mwaka wa themanini na moja akiitwa Mpishi. Chelimo alisikia jina hilo tangu akiwa msichana mdogo wa kuchota maji mpaka akawa nyanya. Hata mimi, nitasema ukweli kwa sababu amekufa na hawezi kunikasirikia, hata mimi sikumwamini yule mzee.

Mwaka wa tisini na tano ilikuwa miaka hamsini tangu vile vita viishe. Wale askari wazee waliobaki huku kwetu walitaka kufanya maonyesho mjini Kericho. Vitu vya vita viwekwe mezani, na majina ya wenye navyo, walio hai na waliokufa, yasomwe mbele ya watu. Mwenye makaratasi alisomwa bila shida. Asiye na makaratasi alileta kitu alichorudi nacho. Kitu kikionekana ni cha kweli, jina linabaki kwenye orodha. Kikionekana ni bandia, jina linakatwa. Mwenyekiti wao alikuwa Bethwel, aliyepigana Burma, na mguu wake mmoja ulikuwa shahidi wa hayo. Walimleta mtu kutoka Nairobi, Nyamweya, anayejua vitu vya vita, hasa kofia na beji. Alikuja na lenzi na glavu nyeupe.

Tulikutana katika jumba la kanisa siku ya soko. Chelimo alifunga kofia ya baba yake kwa leso safi. Tulipoingia Bethwel alimwona.

"Binti ya Mpishi amefika. Umeleta kofia ama sufuria?"

"Nimeleta kofia," Chelimo akasema. "Sufuria nitaleta siku ukiwa na njaa."

Tukaketi. Nyamweya hakuwa mtu mbaya. Alishika kila kitu kwa upole. Mzee mmoja wa Londiani alileta kofia aliyosema ni ya afisa wa Kijerumani, marehemu kaka yake alimnyang'anya. Nyamweya aliigeuza, akauma midomo.

"Mzee, hii ni ya karani wa reli."

Watu walicheka mpaka yule mzee naye akacheka.

Kisha ikafika yetu. Nyamweya aliiangalia muda mrefu. Niliona uso wake umefurahi. Alionyesha watu vitundu viwili vya chuma kila upande, vya kupitisha hewa. Alionyesha kitambaa chekundu cha ndani, na muhuri uliofutika karibu wote. Akasema Wajerumani wa jangwani walivaa hivi hasa. Chelimo alikuwa ameketi wima kama mtu anayepigwa picha.

Halafu Nyamweya akaleta lenzi karibu na ulimi wa kofia, pale unaposhikana na kichwa cha kofia. Akavuta kipande kidogo cha uzi kwa koleo, akawasha kiberiti, akauchoma. Uzi haukuwaka. Ulijikunja, ukayeyuka, ukawa kitone kigumu cheusi. Akakiweka juu ya karatasi, kikalia kama punje ya mtama.

"Pole, mama," alisema. "Huu ni uzi wa nailoni. Kofia za vita zilishonwa kwa pamba. Uzi kama huu ulikuja baadaye sana. Kuna watu wanatengeneza hizi kofia za bandia na kuziuza, na wengine wanashona vizuri. Sisemi ni wewe. Lakini hii si ya vita."

Bethwel akachukua kalamu yake akakata jina la Kimeli kwenye orodha. Niliona mkono ukipita.

"Mimi nilisema," akaambia watu. "Nanyuki hakukuwa na Mjerumani."

Chelimo akasimama. Nikamshika nguo.

"Keti, Mama Kimutai. Tutazungumza nyumbani."

"Wewe keti," aliniambia, bila kuangalia nyuma. Na nilikuwa nimeketi tayari.

Akaenda mpaka mezani. Akaomba lenzi. Nyamweya akampa. Akageuza kofia ndani nje, akaangalia pale palipovutwa uzi, akamrudishia.

"Hapa pameshonwa kwa mashine ama kwa mkono?"

Nyamweya akaangalia. "Kwa mkono."

"Wajerumani walishonea jeshi zima kofia kwa mkono?"

Watu wakaguna. Nyamweya akatabasamu kidogo.

"Mama, hata mwenye kutengeneza bandia anaweza kushona kwa mkono."

"Anaweza. Sasa angalia matundu ya sindano. Usiangalie uzi, angalia matundu."

Akaangalia tena, na mara hii alikaa sana.

"Ni mengi," akasema.

"Ni mengi kuliko uzi. Yamepangwa sawasawa, hiyo ni mashine. Huu uzi wako wa nailoni unaingia tundu moja, unaruka moja. Mwenye kutengeneza bandia atoboe matundu ya bure ya nini?"

Hapo Nyamweya akavua glavu moja. Chelimo akageuka kuangalia mlangoni. Rafiki yake Wilkista, mama wa Kijaluo aliyeuza omena, wale samaki wadogo wakavu, sokoni, alikuwa amesimama pale na gunia lake la mbolea ambalo alilitumia kubebea mali.

"Wilkista, nipe uzi wa mdomo wa gunia."

"Mkimwaga omena yangu, kanisa lote litanuka mpaka Krismasi," Wilkista akasema. Lakini akavuta uzi wenyewe, mrefu, akauleta.

Chelimo akachoma mwisho wake. Ukajikunja. Ukayeyuka. Kitone cheusi, kama cha kwanza. Akaviweka viwili pamoja kwenye karatasi ya Nyamweya.

Sasa hili mtu wa Nairobi hawezi kujua. Sisi watu wa chai, mbolea ikifika, mama wa nyumbani hachani gunia. Anafungua ule uzi pole pole kutoka mwanzo, anauzungusha kwa kijiti, anauweka. Haukatiki, hauozi. Unashona nao kila kitu, viatu, kikapu, blanketi. Hakuna nyumba isiyokuwa na kijiti hicho.

"Nani hapa ameshonwa na uzi wa gunia?" Chelimo akauliza watu.

Mwanamke mmoja akainua mkono wa sweta yake. Mwingine akaonyesha kamba ya begi. Mzee wa kofia ya karani wa reli akainua kiatu, watu wakacheka tena.

"Lakini huo ni mweupe," Bethwel akasema. "Wa kofia ni wa kahawia."

"Mzee Bethwel, wewe umekunywa chai miaka sabini. Hujui inafanya nini kwa kitambaa cheupe? Ulimi ulipoachia, mama yangu aliushona tena kwa uzi wa gunia, na kwanza aliuchemsha uzi na majani ya chai ufanane na kofia. Baba aliivaa kanisani, hakutaka mshono uonekane."

Nyamweya alikuwa anasikiliza vizuri. Akasema pole pole, kwa heshima:

"Mama, hiyo inaonyesha kwamba ilishonwa tena. Bado haionyeshi mara ya kwanza ilishonwa na nani. Uzi wote ninaouona ni huu mmoja."

"Kwa sababu unaangalia pale mama alipofika. Kuna pale ambapo hakufika. Chini ya huu mkanda wa ndani wa jasho, nyuma. Hapo hapapigwi na kitu, hapakatiki. Nitafungua."

"Ukifungua umeiharibu," Nyamweya akasema. "Na ukikuta nailoni na huko, ujue itakuwa imeisha. Hakuna mtu wa Kericho atakayesema tena baba yako alienda vitani."

Nilitaka kumwambia achukue kofia twende. Bora shaka kuliko aibu, hivyo ndivyo nilivyofikiri. Nilifungua mdomo. Aliniangalia mara moja tu, na nikaufunga, kwa sababu nilijua ameona kwamba na mimi ni mmoja wa wasiomwamini baba yake.

Alitoa wembe kwenye leso. Fundi hatembei bila wembe. Akakata nyuzi tatu, si zaidi. Akainua mkanda kwa kucha, akavuta uzi mfupi kama kope. Mkono wake haukutetemeka. Nimesikia watu wakisema ulitetemeka. Nilikuwa pale. Haukutetemeka.

Akaushika juu ya moto wa kiberiti.

Uliwaka. Moto mdogo wa manjano, haraka, kama karatasi, na harufu ya karatasi. Hakukubaki kitone. Ilibaki jivu la kijivu. Chelimo akalibeba kwenye ukucha mpaka kwa Bethwel, akaliweka kwenye kiganja chake.

"Bonyeza."

Bethwel akabonyeza kwa kidole. Likawa unga. Akaangalia kidole chake, akajifuta kwenye koti.

Nyamweya alichukua kofia akaingiza lenzi pale palipofunguliwa. Akaita watu waone. Ndani ya mshono, mahali ambapo jua halijafika tangu kushonwa, kitambaa kilikuwa bado kina rangi yake ya zamani, kama kijani kibichi kilichochanganywa na udongo. Nje kilikuwa kimepauka. Alisema rangi hiyo na uzi huo na ule muhuri vimekubaliana. Alibonyeza ulimi wa kofia, akakuta ubao wake wa karatasi umevimba na kuwa mabonge, akauliza kwa nini.

"Mama aliifua na sabuni," Chelimo akasema. "Ilikuwa chafu."

Nyamweya akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

"Ni yenyewe," akaambia watu. "Mimi nilikosea. Ni ya Mjerumani wa jangwani, na mtu wa kuileta huku lazima alifika jangwani ama alipewa na aliyefika."

"Alifika," Bethwel akasema. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini tulisikia wote. Akachukua kalamu. Jina alilolikata akaliandika tena chini, kwa herufi kubwa, Kimeli, na mbele yake akaandika Libya. Wazee wawili wa nyuma wakasimama. Sijui nani aliwaambia wasimame.

Mimi nilisimama pia. Nilikuwa nimechelewa miaka thelathini na zaidi.

Nyamweya akatoa kadi nyeupe ya kuwekwa kando ya kofia mezani. Alitaka kumaliza vizuri, namwelewa. Akasema kofia sasa ni safi, kitu kimoja tu kinaichafua. Yeye ana uzi wa pamba wa zamani Nairobi. Atoe ule wa gunia, ashone upya kwenye matundu ya mashine, na watu wakija wataona kofia kama ilivyotoka Ujerumani. Kwenye kadi ataandika jina la mzee na Libya, basi. Akauliza kama mama anakubali.

Chelimo aliichukua kofia kutoka mikononi mwake. Hakuivuta. Aliichukua tu, akaishika na mikono miwili kifuani. Niliishi naye miaka thelathini na tisa na watu wananiuliza alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mtu aliyesema hivi, na ninaandika kama alivyosema, sikuongeza:

"Uzi wa mama yangu hautoki. Andika, Kimeli aliileta kutoka vitani, na Chepngeno mke wake akaishona kwa uzi wa gunia la mbolea ili isianguke. Kama kadi yako ni ndogo, tafuta kubwa."