Nilivyobonyeza "Ruhusu"

Mimi ni karani wa kanisa letu hapa Suna, na kwa muda mrefu nimelalamika juu ya duka la programu lililo ndani ya simu zetu. Kampuni moja inashika mlango peke yake, nilisema, na asiyekubali masharti yake hauzi kitu. Bado naamini hivyo.

Kwa hiyo binamu yangu aliponitumia linki ya programu ya nyimbo iliyokataliwa dukani, niliiweka papo hapo, kama mpigania haki. Simu ikauliza kama programu ione majina yote niliyohifadhi. Nikabonyeza "Ruhusu." Ikauliza kama itume ujumbe kwa niaba yangu. Kwetu mgeni akibisha hodi hujibiwa karibu, basi nikabonyeza tena. Sikujiuliza nyimbo zina haja gani na majina ya watu.

Na hapo lazima niungame: mimi huhifadhi watu kwa tabia zao. Fundi wa bomba ni "Fundi Kesho." Mama Akinyi wa kwaya ni "Sauti ya Mbuzi."

Sabato asubuhi, Mama Akinyi alinipita mlangoni bila hata salamu ya "oyawore." Nikadhani ana haraka. Kisha pasta akapanda mimbarani, akavaa miwani, akasoma kwenye simu yake:

"'Mpendwa Pasta Hamalizi, rafiki yako karani anakualika uimbe naye.'"

Akanitazama.

"Ndugu karani, leo nitahubiri dakika tano."