Namirembe, mshona viti wa Pontiac

Saa tatu asubuhi, ndani ya gereji moja huko Ghala, mjini Maskati, Oman, Josephine Namirembe amepiga magoti juu ya kiti cha gari kilichowekwa sakafuni. Mdomoni ana pini nne. Anavuta gozi jeusi kwa mikono yote miwili, analibana, analiachia, analivuta tena. Nyuma yake kuna Mustang isiyo na milango.

"Kiti kikikaa vibaya, hata injini iungurume namna gani, mtu atashuka akilalamika mgongo," anasema baada ya kutoa pini.

Ana miaka 37, mzaliwa wa Masaka, Uganda. Alifika Maskati miaka tisa iliyopita kufanya kazi za ndani kwa Bi Khole, mtaa wa Ansab. Miaka minne ya mwanzo hakwenda kwao hata mara moja. Binti yake alianza shule yeye hayupo.

Siku moja alishona sofa la nyumba lililochanika. Musallam, kaka yake Bi Khole na fundi wa magari ya zamani ya Kimarekani, akaja kula chakula cha mchana, akalikalia.

"Nikauliza, nani kashona hii? Wakanambia Josephine," anakumbuka Musallam, 61, mzaliwa wa Unguja. "Nikamwambia Khole, nna haja na huyu. Alininunia mwezi mzima, lakini akamwachia."

Kibali cha kazi cha Namirembe kikahamishiwa gereji.

Kazi iliyomjengea jina ni Pontiac ya mwaka 1967. Ilikuwa imelala chini ya turubai uani kwa Bi Shaikha, mjane wa Ansab, tangu mumewe alipofariki. Musallam aliomba kuinunua kwa miaka mitano, akakataliwa.

"Wote wakitazama injini tu," anasema Bi Shaikha. "Nikiogopa wataivunja wauze vipande."

Namirembe akaomba apewe kiti kimoja akitengeneze. Kisipompendeza Bi Shaikha, asiuze gari. Alikaa nacho wiki tatu. Pembeni gozi lilikuwa na tundu la moto wa sigara ya marehemu. Alibadilisha gozi lote, isipokuwa kipande kile. Akakirudisha palepale.

"Mudir alinigombeza," anasema, akimaanisha bosi wake. "Eti, binti, unaweka tundu kwenye kiti kipya? Nikamwambia, hilo tundu si letu."

Bi Shaikha alikikalia kiti palepale uani. Akapapasa pembeni, kidole kikaingia tunduni. Akalia kimyakimya.

"Ichukueni," alisema mwishowe. "Lakini ikitembea, wa kwanza kupakiwa niwe mimi."

Matengenezo yalichukua miezi kumi na minne. Februari mwaka huu Bi Shaikha alipanda mbele, Namirembe nyuma, Musallam akashika usukani, wakafuata barabara ya pwani hadi Maskati ya kale. Njiani bibi aligeuka.

"Mwanangu, na wewe wajua kuendesha?"

"Hapana, mama."

"Magari kumi na moja umeyashonea viti, cha dereva hujakikalia?"

Swali lile lilimwingia. Wiki iliyofuata alijiandikisha kujifunza udereva. Mtihani ni Jumanne ijayo.

"Nikifaulu nitaomba Pontiac, nimpeleke Bi Shaikha sokoni."

Musallam, aliyelala chini ya Mustang, amesikia. "Gari yangu? Thubutu!"

Namirembe anacheka, anaendelea kuvuta gozi. Kisha sauti inatoka tena uvunguni.

"Mtihani wenyewe saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi, mudir."

"Basi Jumatatu usichelewe kulala. Ntakupeleka mimi."