Jumamosi Tano za Tata Kabeya

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, vumbi jekundu la Kolwezi limetanda juu ya kila kitu, hata juu ya nyuzi za fidla yangu. Najua utacheka nikikuita mwanangu. Nimekuzidi miaka minane tu, na tulipoonana mara ya mwisho huko Tenke ulinishinda mbio. Lakini wewe ni mtoto wa kaka yangu, na kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wako, upende usipende. Kwa hiyo kaka aliponipigia simu akasema, "Sema naye wewe, ni wewe baba yake mudogo," sikuwa na pa kujificha. Barua hii nimeianza mara nne. Hii ya nne nitaimaliza hata kama itakuwa mbaya, na utaona kwa nini.

Kaka ameniambia kwamba nkambo wako kule Dilolo, bibi yule aliyekulea, anaomba umtumie sauti yako ukiimba wimbo aliokufundisha, na kwamba umeurekodi kwenye simu mara nyingi na kila mara umeufuta. Hakueleza zaidi, wala hakuwa na haja. Ugonjwa huo mimi naujua kwa jina na kwa ukoo.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu cha Lubumbashi na shahada yangu ndani ya bahasha ya plastiki. Kazi nilikuwa naiomba, sikuipata. Au niseme kweli, barua nyingi za kuomba sikuzituma, kwa sababu kila nikizisoma naona neno moja halijakaa vizuri. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wameshatawanyika. Nilichobaki nacho ni fidla, na okestra ya parokia, watu ishirini na wawili waliokutana kila Jumamosi mchana katika ukumbi wa bati kando ya barabara ya malori ya madini. Nilikuwa nakaa kati ya watu hao nikiwa peke yangu kabisa. Sijui kama unaielewa hali hiyo. Nadhani unaielewa.

Aliyetuongoza alikuwa mzee wetu, Tata Kabeya. Wazazi wake walitoka Kasai kuja kufanya kazi migodini, na yeye mwenyewe alipiga tromboni katika bendi ya kampuni mpaka bendi ikavunjwa. Alipostaafu akaanza kuandika konseto ya fidla, yaani muziki mrefu ambamo fidla moja inasimama mbele na okestra nzima inaijibu. Aliiandika kwa miaka tisa, katika madaftari ya shule. Ilikuwa ya mtindo wa zamani wa Ulaya, wenye nyimbo ndefu zinazopanda polepole, zinazorudi zikiwa zimebadilika kidogo kama mtu aliyetoka safarini. Padri mmoja mwenye ujuzi wa muziki alimwambia kwamba siku hizi watunzi hawaandiki hivyo tena. Tata Kabeya akamjibu kwamba huzuni haina mtindo mupya.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa zamani, na daktari alikuwa amemwambia kwamba la kuume linaondoka. Hakuweza kusema kama ni miezi au wiki. Alipokuwa akituongoza, tromboni zilikuwa upande wa sikio lake zima, na fidla yangu upande wa lile lililokufa. Miaka tisa aliiandika fidla ile, na hakuwa ameisikia. Ndiyo maana alitaka turekodi, ili avae kaske, zile spika za kufunika masikio, aongeze sauti mpaka mwisho, na aisikie mara moja yote pamoja. Alituambia sote, bila kujihurumia. "Mi nikiongoza nahesabu tu. Siyaisikia bado."

Na katika daftari langu, kwenye sehemu ya pili, ile ya polepole, alikuwa ameandika juu ya mstari neno moja kwa kalamu nyekundu: *Ilie*. Kwingine kote alitumia maneno ya Kiitaliano kama watunzi wote, ila hapo alitumia neno la kwetu. Mwanangu, neno hilo liliniua. Fidla ikipigwa, inalia. Mtu akifiwa, analia. Je, alitaka isikike tu, au alitaka itoe machozi? Nilijaribu kuipiga kwa kuiacha wazi, nikajaribu kuipiga kwa kuitetemesha, nikaandika sababu za kila upande kwenye karatasi. Kumuuliza sikumuuliza. Niliona aibu kwamba mtu mwenye shahada aulize maana ya neno la Kiswahili.

Basi Jumamosi ya kwanza tulirekodi. Mitambo ilishikwa na Ilunga, niliyemwita Yaya kama kaka mkubwa, mpigaji wetu wa besi, aliyekuwa mchimba madini kwa mikono kabla mgongo haujamshinda. Tulipiga tangu mwanzo hadi mwisho. Katikati ya ile sehemu ya polepole lori likapiga honi barabarani, refu, na mimi nikashtuka, kidole kikateleza, noti moja ikapinda. Tukaendelea. Tulipomaliza Tata Kabeya alibaki na mikono juu, kisha akaishusha na kusema kwa sauti ndogo, "Njo hii." Ndiyo hii. Akanyoosha mkono kwa Ilunga kuomba kaske.

Nikamwahi. Nilimwambia asisikilize kwanza, kwamba ina makosa, kwamba mara ya kwanza kuisikia kazi yake haifai iwe na honi ya lori ndani. Nilisema haraka haraka haina baraka. Nilisema mengi, mtu mwenye hofu huwa na ufasaha wa ajabu. Akanitazama kwa muda, nadhani alikuwa anasoma midomo yangu, halafu akasema fidla ni yangu na mwenye fidla ndiye anayejua. Nikamwomba Ilunga aifute ile rekodi pale pale, nisije nikalala nikijua ipo. Ilunga alisita. Nikasimama karibu naye mpaka akaifuta.

Jumamosi ya pili mvua ya kwanza ya mwaka iliangukia bati, hatukusikia hata tromboni. Ya tatu umeme ulikatika mchana kutwa. Ya nne wapigaji wawili walikwenda msibani Tenke. Kila mara mimi, Mungu anisamehe, nilipumua, kwa sababu nilikuwa bado sijaamua kuhusu neno lile. Ya tano kila kitu kilikaa sawa. Barabara ilikuwa kimya, vidole vilikuwa vikavu, hakuna noti iliyopinda. Tata Kabeya aliongoza bila kutazama daftari, macho yake yakiwa kwenye upinde wangu tu, na mimi nikajisifu moyoni kwamba hatimaye ananiamini.

Jumatatu asubuhi nilimpelekea rekodi nyumbani, pamoja na kimashine na kaske. Alikuwa amevaa koti na tai. Mke wake alikuwa amefagia uwanja na kuweka kiti kimoja katikati, kama kiti cha bwana harusi. Nikamvika kaske, nikaongeza sauti mpaka nikaisikia mwenyewe kutoka pale nilipokaa. Akafungua daftari la kwanza juu ya magoti na kuanza kufuata kwa kidole.

Mwanzoni tulikuwa pamoja. Alifungua kurasa, akatikisa kichwa, akatabasamu mahali fulani. Baadaye nikaona fidla imeshaingia sehemu ya polepole na kidole chake bado kiko sehemu ya kwanza. Nikadhani amerudi nyuma kidogo kwa raha zake. Muziki ukafika mwisho. Kimashine kikaonyesha kimemaliza. Tata Kabeya akaendelea kufungua kurasa. Alikuwa na kurasa nyingi mbele yake, na alizipitia zote, bila haraka, akitikisa kichwa kwa mapigo ambayo hayakuwepo. Uwanjani palikuwa na kuku na upepo tu. Sikujua kama nimzuie au nimwache, na nilipokuwa nawaza hivyo akafika mwisho, akafunga daftari la mwisho, akavua kaske na kuifuta kwa leso.

"Imelia muzuri, mwanangu," akaniambia.

Nikachukua kalamu na kuandika kwenye jalada la daftari: *Tangu lini?* Akasoma. Alipojibu alitazama kando. Tangu wiki mbili. Aliamka siku moja, redio ya jirani haikuwepo. Hakutaka kutuambia. "Niliona vijana munajitahidi sana," alisema, na nikajua kwamba ule upinde wangu aliukazia macho kwa sababu hakuwa na kingine cha kumwongoza.

Basi ndipo nikaandika swali langu, kwa kuwa sikuwa tena na heshima ya kulinda. Niliandika: *Ilie, maana yake nini?* Alilisoma mara mbili, akacheka, cheko la kweli lililomtoa mke wake jikoni.

"Ni batromboni, banakufunika pale," akasema, akimaanisha wapiga tromboni. "Nilitaka upige kwa nguvu, usikike. Ungeniuliza."

Yaya Ilunga nilimkuta njiani, nikamwambia yote. Sikutaka anifariji, na hakunifariji. Aliniuliza kama nimewahi kuwaona akina mama wanaoosha mawe mtoni. Jiwe la shaba ukilitoa shimoni limejaa udongo, akasema, unalitia kwenye chekeche na kuliosha. Lakini yale mazuri ni laini, yanamomonyoka. Anayeosha mpaka maji yawe meupe anarudi nyumbani na kokoto.

"Mudogo wangu, weye ulikuwa unaosha nini?" akaniuliza. "Muzee alikuwa na sikio moja. Lori ni lori tu, angelisikia, angecheka. Sasa iko wapi ile ya kwanza?"

Ilikuwa imefutwa kwa amri yangu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ile ya tano ipo, mwanangu. Watu waliisifu, wengine wakaitumiana kwenye simu. Mimi siwezi kuisikiliza hadi mwisho. Ni safi, haina kosa hata moja, na yule ambaye ilipigwa kwa ajili yake hakuisikia. Jumatatu huwa naenda kukaa na Tata Kabeya. Ananiandikia zoezi, nalipiga mbele yake, anatazama mkono. Hatuongei sana. Kuna siku natamani anikaripie, na hajawahi.

Kwa hiyo nakusihi kama baba, hata kama ndevu zangu hazijajaa. Wanasema subira huvuta heri, nami siwabishii, lakini jiulize subira yako inamngoja nani. Kama unangoja mtu mwingine awe tayari, ngoja. Kama unangoja woga wako uondoke, hautaondoka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, tena ya yule anayekungojea. Mchagua jembe si mkulima. Neno usilolielewa, liulize siku ile ile, kwa yule aliyelisema, ungali na uwezo wa kusikia jibu na yeye angali na uwezo wa kulisikia swali. Na kazi uliyoifanya kwa ajili ya mtu, usijifanye wewe ndiye hakimu wake. Mwachie mwenyewe aseme imetosha.

Nkambo wako hakuomba wimbo usio na kosa. Ameomba sauti yako. Imba leo, hata jogoo akiingilia, hata ukikohoa, na usiisikilize kabla ya kuituma.

Mungu wa baba zetu akupe mkono usiosita na moyo unaovumilia aibu ndogo. Akuhifadhie wale unaowapenda mpaka uwe umewafikia. Na sauti yako imkute nkambo yuko macho, karibu na simu, sikio lake likiwa zima.