Wakwe wa Igga Kutoka Lobule

Jeneza la Igga lilikuwa bado sebuleni, na uani pale Awindiri, mtaa wa Arua, waombolezaji wamejaa chini ya turubai, Lodu alipokuja kumnong'oneza Filda, mjane wa kaka yake.

"Shemeji, iko watu ya Lobule, kule Koboko, kwa geti. Wanakuja na mbuzi. Wanasema wao ni wakwe."

Wakwe wa Igga aliowajua Filda ni ndugu zake mwenyewe, na hao walikuwa wameketi kwenye mikeka yao tangu asubuhi. Mbuzi wa wakwe akipokelewa msibani mbele ya ukoo, ndoa imekubaliwa. Hakuna atakayeuliza cheti. Akirudishwa, kufikia jioni Arua nzima itasema mjane amemfungia mke mwenzake mlango.

"Kaka yako alikuwa na mtu Lobule?"

Lodu akatazama chini. "Igga alikuwa mtu ya mchezo, shemeji. Mimi najua nini?"

Hilo ndilo lililomtia hofu. Igga hakuwahi kujibu swali moja kwa moja kama mzaha ungetosha. Aliuza magodoro Arua, na siku za soko akayapeleka Koboko. Huko alijilaza juu ya godoro katikati ya njia, akakoroma hadi watu wakajaa, kisha akafumbua jicho moja: "Nani ameniamsha? Sasa anunue!" Timu yake ya Onduparaka ikifungwa, alirudi nyumbani akilia kama mfiwa, na watoto wake wakampa pole huku wakivunjika mbavu. Kwa mtu kama huyo, mke atajuaje lipi lilikuwa kweli?

Filda alijifunga kitenge upya, akaenda getini mwenyewe. Minong'ono ikamfuata.

Mbele alisimama mama mtu mzima, ameshika kamba ya mbuzi. Nyuma yake palikuwa na msichana mwenye mtoto mgongoni. Filda alimkagua mtoto yule, paji, masikio, akitafuta asichotaka kukiona.

"Mimi Keji," mama alisema. "Mama mkwe wa Igga. Huyu Poni, binti yangu. Igga alikuwa anasema ni bibi yake."

"Eee!" shangazi mmoja akapiga makofi.

"Na mtoto?" Sauti ya Filda ilikuwa ile anayofundishia darasani.

"Mtoto? Ya Sunday! Bwana ya Poni, yule pale na baiskeli." Keji alicheka, na machozi yakamtoka hapo hapo. "Mwalimu, tulikimbia Sudani, Poni alikuwa kidogo hivi. Nikafika soko ya Koboko, sina mtu. Igga akaona mtoto, akasema, 'Huyu nimeoa!' Tangu siku ile, akiniona anaficha uso kama mkwe mwenye adabu. Kama anakula muhogo, anaruka nyuma ya magodoro, mashavu imejaa! Soko yote inacheka. Sikuwa na ukoo, yeye alinipa heshima ya mama mkwe. Nije msiba yake mikono mitupu?"

Filda alishusha pumzi. Mbele ya mama mzazi wa Filda, Igga hakuwahi kutafuna hata karanga, maana mkwe hali mbele ya mama mkwe. Ndilo jambo pekee ambalo hakulifanyia mzaha nyumbani.

Lakini waliosimama nyuma walikuwa wameshika neno moja tu, bibi.

"Tuseme ni wateja," Lodu alinong'ona. "Mbuzi ikae nje."

Hiyo ingeliokoa jina la Igga, na ingemvua Keji kile alichopewa na Igga. Filda aliichukua kamba, akawageukia watu.

"Igga alioa mara moja, na mke ni mimi," alisema, na waliokuwa barabarani wakasikia. "Mama huyu, Igga alimwita mama mkwe. Basi ni mama yangu. Ataketi na watu wangu."

Kwenye mikeka ya wakwe, mjomba wake Filda alimtazama mbuzi, akamtazama Keji. Yeye, kama mkubwa wa wakwe, alikuwa na haki ya kukataa, na Filda alijua. Mzee akakohoa, akasogea, akapapasa nafasi kando yake.

"Dada, kaa hapa. Umechelewa sana."

Keji alivua viatu, akaketi kati yao, akaanza kumlilia mkwe wake kwa sauti.