Mke wa Wembe Atoa Maoni

Ukisikia mtu anasema wivu ni ugonjwa wa vijana, mpeleke kwa Wembe akamwone. Mwanamume wa makamo, kinyozi mwenye duka lake, baba wa watoto watatu, na bado alimwonea wivu mtu wa kwenye bango. Bango, jamani! Karatasi na gundi!

Jina la Wembe alipewa kwa sababu ya ulimi, si kwa sababu ya kazi. Hakuna aliyekalia kiti chake akainuka bila kucheka. Duka lake lilitazamana na ukumbi wa sinema, na mwenye ukumbi huo alikuwa na mtindo wake wa kuvuta watu. Filamu ikiisha, anasimama mlangoni na kinasa sauti, anawauliza watazamaji wameionaje. Kesho yake maoni yao yanalia kutwa kwenye spika iliyoelekezwa mtaani. Wembe alinyoa vichwa vya watu huku masikio yake yakijazwa maneno ya watu wengine.

Wiki hizo ilikuwa zamu ya filamu ya mwokaji mikate mmoja, mume wa mtu, ambaye kila anachokigusa kinaharibika. Mtaa ukambatiza Bwana Mikate. "Nimecheka mpaka mbavu zinauma, kumbe machozi nayo yananitoka," ilisema spika. "Kilio kimezidi, wangepunguza," alisema mwingine. "Pale anapoangukia kwenye unga, mtaniua!" Mzee mmoja akalalamika kwamba siku hizi wanaume wanafundishwa upumbavu. Wembe alimwunga mkono mzee huyo kwa nguvu zote, ingawa filamu yenyewe hakuwa ameiona hata kidogo.

Siku ya kisanga alikuwa na fundi viatu, jirani yake, kwenye kiti, kidevu chote povu. Spika ikakoroma, ikatoa sauti ya mwanamke, sauti ya taratibu yenye kicheko ndani yake.

"Mimi leo ni mara ya tatu. Nacheka, nalia, sijui hata nina nini. Yule mwanamume, wee acha tu! Ningempata wa hivyo japo kwa siku moja, nisingeidai dunia kitu kingine."

Mkono wa Wembe ukasimama hewani. Angeikosaje sauti ile, nayo ndiyo inayomwamsha kila asubuhi? Mkewe! Mama watoto wake, mpiga pasi kwa dobi, ambaye nyumbani ukimtoa neno umemtoa jino. Mara ya tatu! Lini? Na nani?

"Eh," fundi viatu akasema kutoka ndani ya povu. "Hiyo si sauti ya shemeji?"

"Siyo."

"Ni yeye, bwana. Hata kile kicheko chake."

"Nimesema siyo! Tulia, nisije nikakukata."

"Haya, yaishe. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama." Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko alichokibana.

Spika haina huruma. Ilizunguka maoni yote, ikarudi kwa mke wa Wembe, ikazunguka tena. Kila mteja aliyeingia aliisikia, na kila aliyeisikia aliangalia pembeni kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi. Aliogopa jambo moja tu: kwamba mkewe analala kwake lakini moyoni ameshahama. Usiku mzima aligeukageuka kitandani, mwenzake anakoroma zake kwa amani. Kumwuliza alishindwa. Angeanzaje? Wivu wa kumwonea jirani una heshima yake, lakini wivu wa kumwonea mwokaji mikate wa kwenye pazia jeupe utamwambia nani?

Siku iliyofuata alivuka barabara, amefura.

"Toa ile sauti," akamwambia mwenye ukumbi.

"Ipi?"

"Ya yule mama wa mara ya tatu."

"Hiyo ndiyo inayonijazia viti, kaka! Tangu niiweke jana, akina mama hawakatiki. Kwani wewe inakuhusu nini?"

Wembe akatia mkono mfukoni, akatoa noti. Mwisho akasema, "Nipe tiketi."

Akakaa katikati ya akina mama, mwanamume peke yake, mikono kifuani, kusudi amjue adui yake. Bwana Mikate akatokea: kitambi, upara, suruali imefungwa kwa kamba. Huyu? Wembe nusura asimame adai haki yake. Ukumbi ulipasuka kwa vicheko, yeye alijikaza kisabuni asicheke. Halafu mke wa Bwana Mikate akarudi kutoka kazini. Yule mwanamume, unga umejaa kwenye nyusi, akavuta kigoda, akaketi, akaipakata miguu ya mkewe, akasema, "Umechoka, mama? Hebu nisimulie siku yako. Anzia asubuhi." Mke akasimulia. Mume akamsikiliza mdomo wazi mpaka mikate yote ikaungua nyuma yake, moshi ukajaa, na hakugeuka.

Wanawake walicheka na kupenga kamasi kwa pamoja. Wembe hakucheka. Angekuwa tajiri yule mtu, au angekuwa na sauti ya kuimba, angemchukia kwa raha zake. Lakini jambo lenyewe lilikuwa dogo kiasi hicho! Miguu na swali! Roho ilimuuma mpaka akatoka kabla ya mwisho.

Akafunga duka mapema, akawahi nyumbani. Leo huyo Bwana Mikate atanitambua, alijiambia. Mkewe alipoingia, amebeba viatu mkononi kwa sababu miguu imevimba kwa kusimama na pasi kutwa, alikuta kiti chake kimefutwa vumbi na mumewe yuko kwenye kigoda, anamsubiri.

"Umechoka, mama?" Wembe akasema, akaipakata miguu yake. "Hebu nisimulie siku yako. Anzia asubuhi."

Mkewe akamtazama. Akakitazama kigoda. Kicheko kikamtoka bila kupenda.

"Umeenda kuitazama."

"Mimi? Kuitazama nini?"

"Baba watoto, hata kigoda umekiweka upande uleule! Hayo maneno ya Bwana Mikate nimeyasikia mara tatu, nayajua kwa moyo. La kwako liko wapi?"

Wembe, ulimi wa mtaa mzima, akatafuta la kwake. Hewa ya moto kutoka jikoni ilimpiga shingoni, watoto walikuwa wanagombania kitu uani, na neno halikuja. Lililokuja ni lile lililomkaba tangu siku ya spika.

"Ungempata yule," akasema, sauti imekuwa nyembamba, "ungeniacha mimi?"

Mkewe hakuiondoa miguu. Kicheko kikamwisha usoni kidogo kidogo.

"Yule hayupo," akasema. "Katungwa tu. Uliyepo ni wewe, baba watoto, na kabla ya leo hukuwahi kuniuliza siku yangu. Unadhani nilikuwa nalia nini?"